Tusilihukumu Tingatinga Kabla ya Kulipima

Kila nipitapo kando ya nyua za serikali ambamo mashine za barabara huegeshwa, moyo huniuma. Humo huonekana matingatinga ya minyororo yaliyolala nyasini, injini zake zingali nzima, ilhali kosa lililoyafikisha hapo ni kwamba mnyororo mmoja ulikuwa ukichomoka. Yamekwisha kuhukumiwa kuwa chuma chakavu. Ukiuliza ni nani aliyeyapima, hupati jibu.

Nimekuwa fundi wa mashine hizi kwa zaidi ya miaka 30, nami nashikilia kauli moja: haifai tingatinga la umma kuuzwa kama chuma chakavu, wala dereva wake kuachishwa kazi, kabla mnyororo haujapimwa na vipimo kuandikwa.

Miaka michache iliyopita niliitwa mahali fulani penye ukame ambako tingatinga kuukuu lilikuwa likichimba bwawa la maji. Mvua za vuli zilikuwa zimebakisha majuma matatu. Mnyororo wa kushoto ulikuwa umechomoka mara nne katika juma moja. Dereva alisimamishwa kazi kwa madai ya uzembe, na wakubwa walikuwa wakibishana iwapo wanunue mnyororo mpya au waliuze tingatinga lenyewe. Akina mama wa hapo walikuwa wakipita na punda wao kando ya shimo lile kavu, wakielekea mtoni, mwendo wa nusu siku.

Nilimkuta dereva ameketi chini ya mgunga. "Fundi," akaniambia, "nimeliendesha tingatinga hili miaka 18. Mnyororo haukuanza kutoka juzi eti kwa kuwa nimesahau kazi."

"Mzee," nikamjibu, "tusibishane kwa maneno. Tuiache mashine iseme."

Mashine husema kwa alama za kulika. Kwanza tuliosha tope lote, kwa maana tope lililoganda huficha mengi. Kisha tukaliendesha tingatinga mbele kwa mstari ulionyooka, juu ya ardhi ngumu iliyo tambarare, tukaliacha lisimame lenyewe bila breki wala kukata kona. Tulitazama ulegevu wa mnyororo, kwani uliolegea mno huchomoka kwa urahisi, na uliokazwa mno hula pini na bushi zake. Huu ulikuwa umekazwa kama kitabu cha mashine kiagizavyo. Tulichunguza klachi na breki za kukatia kona pia, kwa sababu klachi inayoteleza au breki inayoshika huvuta tingatinga upande mmoja, na asiyejua hudhani mnyororo umepinda. Zote zilikuwa salama.

Ndipo tulipozitazama rola zinazobeba uzito wa mashine. Iwapo gurudumu la mbele linaloongoza mnyororo limelika ubavu mmoja na rola zote ni nzima, shaka iko kwenye gurudumu hilo na vibati vinavyolishikilia. Iwapo gurudumu la meno la nyuma ndilo lililokwaruzwa ubavuni, shaka iko nyuma. Lakini iwapo rola za mbele zimelika upande mmoja na za nyuma zimelika upande wa pili, basi fremu nzima ya mnyororo imekaa mshazari. Hivyo ndivyo tulivyokuta. Tulichukua timazi na utepe wa kupimia, tukapima umbali kati ya fremu mbili, mbele na nyuma. Mbele palizidi nyuma kwa sentimita 2. Tulipoiinua mashine, tukaiegemeza juu ya magogo na kuitikisa fremu ya kushoto kwa mtaimbo, ilicheza. Bushi ya mkono wa chuma unaoizuia fremu isiende kando ilikuwa imelika kabisa.

Bushi mpya ilichongwa mjini kwa siku mbili. Laiti mnyororo mpya ungalinunuliwa, nao ungalichomoka vilevile, kwani ungalifungwa juu ya fremu iliyopotoka. Bwawa lilimalizika mvua zikiwa zinanyesha milimani, na mzee yule ndiye aliyelimaliza.

Simaanishi kwamba madereva hawakosi. Anayekata kona upande mmoja daima, au anayefanya kazi mteremkoni kwa miezi bila kugeuza upande, humaliza mnyororo mapema. Wala simaanishi kwamba kila mashine kuukuu yafaa kutunzwa. Fremu iliyopasuka vibaya, au mashine ambayo vipuri vyake havipatikani tena, gharama yake yaweza kuzidi faida. Watakaosema kwamba fedha za umma zisizikwe katika mavyuma ya kale wana haki ya kusikizwa. Lakini hata wao hawawezi kujua ni mashine ipi ya kuzikwa na ipi ya kufufuliwa wasipopima.

Historia ya Afrika Mashariki imekwisha kutuonya. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Tanganyika. Kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, walinunua yaliyotumika, mengine yakiwa masalio ya jeshi, wakayapeleka kwenye ardhi ngumu kabla karakana na vipuri havijawa tayari. Yaliharibika upesi, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Makosa yalikuwa mengi, ikiwemo mvua haba, lakini kutoijua hali ya mashine kabla ya kuitegemea lilikuwa mojawapo. Sisi tunalitenda kosa lilo hilo kinyume chake: twaitupa mashine kabla ya kuijua hali yake.

Sheria ya mwaka 2015 kuhusu ununuzi na uuzaji wa mali ya umma imeweka kamati za kupendekeza jinsi mali iondolewavyo. Nazisihi kamati hizo zisikubali tingatinga lolote mezani pasipo karatasi ya vipimo iliyotiwa sahihi na fundi: ulegevu wa minyororo, hali ya kila rola, umbali wa fremu mbele na nyuma, na gharama ya kurekebisha. Dereva naye aandike aliyoyaona, kwa kuwa ndiye anayeisikia mashine kutwa. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Yahitaji maji ya kuoshea, utepe, timazi, mtaimbo, na siku moja ya fundi mwaminifu.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bushi ile ilikuwa ufa. Kama tusingaliipima, ukuta wake ungalikuwa bei ya tingatinga jipya, riziki ya mzee mmoja, na mwaka mwingine mzima wa akina mama kuwafuata punda hadi mtoni. Mashine zilizolala nyasini haziwezi kujitetea. Wenye mamlaka na wachukue utepe wakazipime, kisha ndipo wahukumu.