Gesi ya Kupoza Gari la Meneja

Jua likichoma, gari la meneja huletwa gereji ya kiwanda na amri huwa moja: ongeza gesi, upesi. Makanika hufunga mpira, hufungua koki, na kazi imekwisha. Baada ya majuma machache gari linarudi. (Lori linalobeba watu kwenda shambani halipozwi na chochote, lakini hayo ni ya siku nyingine.) Sisi tunasema amri hiyo ni mbaya kwa fundi, na hata kwa gari lenyewe.

Gesi ya kiyoyozi si petroli. Haichomwi safarini, inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua sana, imevuja. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kutia maji katika pakacha. Tena oili ya kompresa huzunguka pamoja na gesi hiyo, na hutokea tundu lile lile. Kompresa ikikwama, hulaumiwa makanika, si aliyetoa amri.

Lakini kompresa hununuliwa. Jicho halinunuliwi. Gesi ya magari mengi kwetu ni namba 134a. Ikimwagika ikiwa maji, huchemka kwenye baridi ya nyuzi 26 chini ya sifuri. Hugandisha ngozi na yaweza kupofua. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama katika shimo la gereji na kumnyima pumzi aliye chini. Ikikutana na moto wa kulehemu, hutoa moshi wa sumu. Kopo likifungwa upande wa presha kubwa huku injini inanguruma, laweza kupasuka mikononi. Kijana mgeni wa kazi haambiwi haya. Hupewa spana tu.

Na wako wanaoleta gesi ya jikoni kwa kuwa ni rahisi. Hiyo hushika moto, na ikivujia ndani ya gari, aliyekaa nayo ni dereva.

Kazi ya haki huanza kwa kuziba tundu, kisha pampu inyonye hewa na unyevu, ndipo gesi ipimwe kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa chini ya boneti. Ile ya zamani ikusanywe kwa mashine, isiachiliwe. Mwaka 2016, hapa kwa jirani zetu Kigali, mataifa yalipatana kupunguza gesi za namna hii, kwa kuwa kilo moja ya 134a huongeza joto la dunia kuliko kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Wenzetu wa mashambani wanaijua hasara ya mvua kukosa majira.

Matawi yenye gereji yalipeleke jambo hili kwa mwajiri katika mkutano ujao: glavu, miwani, pampu, mizani, na mafunzo ndani ya saa zinazolipwa. Mpaka vipatikane, fundi anayeamriwa kujaza gesi kwa mikono mitupu amwite mwakilishi wa chama kabla ya kufungua koki.