HALELUYA SI NENO LA KUJAZIA MAHUBIRI



Juzi baada ya ibada ndugu mmoja alinivuta kando. Miezi minne hana kazi na kodi ya nyumba inamdai. Akaniuliza, "Pasta, ukituambia tuseme haleluya nasema, lakini ndani ni pakavu kabisa. Sasa si namdanganya Mungu?" Sikumjibu vizuri, watu walikuwa wananingoja. Acha nimjibu hapa, na wewe usikie pia.

Haleluya ni Kiebrania, maneno mawili yaliyoshikana. "Halelu" ni amri: sifuni! "Yah" ni ufupisho wa lile jina la Mungu lenye herufi nne, ndilo unalolisikia mwishoni mwa Eliya, Isaya na Yeremia. (Ndugu zetu Wakatoliki husema "Aleluya" kwa kuwa neno liliwafikia kupitia Kigiriki na Kilatini, na "h" ikadondoka njiani. Ni neno lile lile, msigombane.)

Sasa angalia hapa, mpendwa. Amri hiyo ni ya watu wengi. Haisemi "sifu", inasema "sifuni". Anayetamka haleluya hatangazi kwamba moyo wake umejaa raha. Anawaita wenzake. Kwa hivyo ndugu yangu, hujamdanganya Mungu. Umeitwa, ukaitika kwa sauti uliyokuwa nayo. Siku koo lako limekauka, jirani yako kwenye kiti anakuitia wewe. Siku nyingine utamwitia yeye.

Na tunaitwa tumsifu kwa lipi? Fungua Zaburi ya 146. Inaanza na haleluya, inaishia na haleluya, na katikati yumo Mungu anayewapa wenye njaa chakula, anayewafungua wafungwa, anayewategemeza yatima na mjane. Hao si watu walioshiba! Zaburi ya 113 hadi 118 Wayahudi huziimba wakati wa Pasaka, na wafasiri wengi huona kwamba ndizo Yesu aliziimba na wanafunzi wake kabla ya kutoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Usiku ule ule wa kukamatwa.

Kuna jambo lingine linalonichoma mimi mwenyewe. Katika Agano Jipya lote neno hili limo kwenye sura moja tu, Ufunuo 19, mara nne. Mbinguni wanaimba kwa sababu Babeli umeanguka, mji ambao wafanyabiashara wake, sura ya 18 inasema, waliuza dhahabu, ngano, ng'ombe, mpaka miili na roho za wanadamu. Halafu sisi wahubiri tunalitumia tukipoteza hoja, au kupasha watu moto kikapu cha sadaka kikikaribia. Nimefanya hivyo, sijifichi. Neno lililoimbwa wauza-watu walipoanguka, nikamtolea nalo mtu anayedaiwa kodi senti zake za mwisho? Hapana. Nimetubu.

Jumapili hii nitalisema mara chache, na nikilisema nitangoja mwitike. Nikisahau, wazee wa kanisa wanikumbushe. Nawe ndugu yangu, usikae kule nyuma karibu na mlango. Njoo mbele, karibu na kina mama wa maombi. Wao wakiita, hata aliyelala huamka.

Mbarikiwe.