Jukwaa Lisiloaminika Huzaa Butura

Mkulima wa kahawa pale Rubwera hahitaji kumiliki mashine ya kukoboa. Anavuna, anaanika, anapeleka kwenye chama cha msingi. Kukoboa na kutafuta soko ni kazi ya chama kikuu, KDCU. Kila kaya ingekuwa na mashine yake, nani angepalilia shamba?

Sasa sisi watu wa kompyuta tumekuwa tukimwambia mkulima anunue mashine. Devopsi ilikuja na nia njema. Mwaka 2009 Patrick Debois aliitisha mkutano Ghent, Ubelgiji, ili waandishi wa programu na waendeshaji wa mifumo waache kutupiana lawama. Lakini kwenye timu nyingi imegeuka mzigo: developa huyohuyo aandike msimbo, asimamie seva, ahangaike na Kubernetes, na saa nane usiku aamshwe mfumo ukianguka.

Ndiyo maana kampuni zinahamia uhandisi wa majukwaa. Timu moja inatengeneza njia iliyo tayari, wengine wanapita. Spotify walijijengea Backstage kwa kazi hiyo, na mwaka 2020 wakaitoa bure kwa yeyote. Hata kontroli namba unayolipia ada chuo cha serikali ina wazo hilohilo: taasisi nyingi, mfumo mmoja wa malipo, GePG.

Naunga mkono, ila tusishangilie mapema. Kagera tunaijua butura: mkulima anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Anajua ni marufuku, lakini malipo ya chama yakichelewa, ada ya mtoto haisubiri. Developa naye ni hivyohivyo. Jukwaa likiwa zito, na kila ombi likikaa wiki mbili, atafungua seva yake pembeni kimyakimya. Hapo tumerudi kulekule, na siri juu yake.

Tuanzie hapa chuoni. Kwenye miradi ya mwaka wa mwisho, kila kundi linapoteza usiku kuwasha seva yake. Wachache wetu wajenge njia moja ya pamoja, halafu wapimwe kwa swali moja tu: ni makundi mangapi yameichagua bila kulazimishwa? Jibu likiwa sifuri, wasiwalaumu wenzao kwa butura. Warekebishe chama.