Nakala ya hukumu ni mali, isiachwe masjala

Kila mavuno ya mahindi na mbaazi yanapokwisha wilayani Babati, fedha huanza kutafuta pa kwenda. Yupo anayeongeza ekari mbili za mpunga Magugu, yupo anayenunua kiwanja mjini, na yupo mfanyabiashara anayemkopesha mwenzake mtaji kwa dhamana ya nyumba. Wote hao huulizia mipaka, huwaita majirani washuhudie na hupita ofisi ya kijiji au ya mtaa. Swali moja husahaulika: je, mali hii imewahi kufikishwa mahakamani, na huko iliamuliwaje?

Kama imewahi kufikishwa, jibu la swali hilo limo ndani ya jalada lililohifadhiwa masjala. Asiyelitafuta anaweza kununua shamba pamoja na kesi yake, akaligundua hilo siku anapokuta dalali wa mahakama amesimama kwenye mahindi aliyoyapalilia mwenyewe.

Upande wa pili yupo aliyeshinda kesi. Husikia hukumu ikisomwa, humshukuru Mungu, hupanda gari kurudi Dareda au Gallapo, na nakala huiacha mahakamani. Baada ya miaka kumi mtoto wa aliyeshindwa anaingia shambani na jembe, na mshindi hana cha kuonyesha isipokuwa kumbukumbu za wazee, ambao wengine wameshafariki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hukumu bila nakala nayo haina tofauti na mali hiyo.

Ni kweli kwamba kuzipata kumbukumbu hizi si kazi nyepesi, na sababu ya kwanza ni historia ya eneo lenyewe. Hadi 1985 Babati ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Hanang. Hadi 2002, ulipoundwa Mkoa wa Manyara, ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Anayetafuta shauri la mwaka 1980 anaweza kukuta jalada limeandikwa jina la Hanang. Rufaa za zamani zilizofika Mahakama Kuu zilikwenda Arusha, safari ya zaidi ya kilometa 160 kutoka Babati. Leo Mahakama Kuu ina Masjala Ndogo ya Manyara hapa hapa Babati, lakini majalada ya miaka iliyopita hayana budi kuulizwa pande zote mbili.

Sababu ya pili ni wingi wa milango. Deni, mkataba wa mauziano na mirathi midogo kwa kawaida huanzia Mahakama ya Mwanzo. Mengine huanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Migogoro ya ardhi ina njia yake tangu Oktoba 2003, ilipoanza kutumika Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, yaani Mabaraza ya Vijiji, ya Kata, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya hapo mashauri mengi ya ardhi ya kimila yalisikilizwa Mahakama za Mwanzo. Kwa hiyo kesi ya mpaka ya mwaka 1996 haitafutwi Baraza la Ardhi. Itafutwe kwanza Mahakama ya Mwanzo ya eneo husika.

Mabaraza ya Kata nayo yaliamua migogoro ya ardhi hadi 2021, sheria ilipobadilishwa yakabaki na kazi ya kusuluhisha. Maamuzi yao ya zamani yaliyopelekwa kukaziwa yalipitia Baraza la Wilaya, na huko ndiko pa kuuliza iwapo daftari la kata halionekani.

Akishaujua mlango, mwombaji anahitaji namba. Majalada hupangwa kwa aina ya shauri, namba na mwaka. Anayefika masjala na kusema tu kwamba anaulizia kesi ya shamba la marehemu baba yake anampa karani kazi ya kupekua rejista nzima, na mara nyingi ataambiwa arudi kesho. Namba hiyo huandikwa kwenye hati ya wito, kwenye stakabadhi ya ada na kwenye kila karatasi iliyotoka mahakamani. Ikikosekana kabisa, mwombaji aende na majina kamili ya mdai na mdaiwa, jina la kijiji, jina la hakimu kama anakumbukwa, na mwaka wa kukadiria. Mwaka ukijulikana, rejista ya mashauri ya madai ya mwaka huo inaweza kusomwa mstari kwa mstari.

Ombi lenyewe lifanywe kwa barua. Katika Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya barua huandikwa kwa Hakimu Mfawidhi, katika Baraza la Ardhi kwa Mwenyekiti, na katika Mahakama Kuu kwa Naibu Msajili. Itaje namba ya shauri, majina ya pande zote, uhusiano wa mwombaji na shauri hilo, na kile hasa anachokitaka. Hukumu ni uamuzi na sababu zake. Tuzo ni muhtasari wa nani apewe nini, na ndiyo hukaziwa. Mwenendo ni maelezo ya mashahidi na yote yaliyosemwa tangu mwanzo. Kuna pia ombi la kulisoma jalada tu, na hilo litajwe waziwazi.

Barua iandikwe nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa na kurudi na mwombaji. Muhuri huo una thamani kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 inasema siku zilizotumika kusubiri nakala ya tuzo haziingizwi katika hesabu ya muda wa rufaa. Anayekwenda Mahakama ya Rufani naye hutakiwa kuomba mwenendo kwa maandishi ndani ya siku 30 na kumpa mwenzake nakala ya barua hiyo. Asiye na barua yenye muhuri hana cha kumwonyesha jaji.

Hata hivyo, wa Mahakama ya Mwanzo asijifariji kwa kungoja. Rufaa kutoka huko kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30 tu, na kanuni zake hazidai kuambatanisha nakala ya hukumu. Anayekaa nyumbani akisubiri ipigwe chapa anaweza kuamka muda umekwisha. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia katika Baraza hilo, ni siku 45. Aliyeshinda naye ana saa yake, kwani kwa kawaida maombi ya kukazia hukumu yana ukomo wa miaka 12.

Wafanyabiashara wa mazao wanalo la kujifunza hapa. Agosti 2017 India iliwekea mipaka uagizaji wa mbaazi kutoka nje na bei ikaporomoka. Soko likianguka namna hiyo, madeni hayalipiki na kesi za madai hufuata. Anayetaka kumkopesha mtu shehena ya magunia ana sababu ya kuuliza kwanza kama mtu huyo anadaiwa mahakamani na kama nyumba anayoiweka dhamana imeshakamatwa.

Mnunuzi wa shamba la urithi naye aombe kuonyeshwa Fomu Namba Nne, ambayo Mahakama ya Mwanzo humpa msimamizi wa mirathi, kisha aipeleke namba iliyomo mahakamani kuhakiki kama uteuzi huo bado upo au umetenguliwa. Fomu hiyo haimfanyi msimamizi kuwa mwenye mali. Humpa kazi ya kukusanya na kugawa, na warithi wengine wana haki ya kumpinga.

Si kila jalada litafunguliwa kwa kila anayebisha hodi. Ya ndoa na ya watoto yana faragha yake, na asiye mhusika wa shauri lazima aeleze sababu. Lakini hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zipo wazi na bure kwenye intaneti, katika tovuti ya TanzLII, na hutafutika kwa jina la mhusika. Kijana mwenye simu anaweza kumsaidia mzee wake kabla ya kutoa nauli.

Mzigo huu, hata hivyo, hauwezi kubebwa na mkulima peke yake. Mahakama na mabaraza ya Manyara yanaweza kuupunguza bila kujenga jengo jipya. Siku hukumu inaposomwa, kila upande upewe karatasi yenye namba ya shauri, tarehe na muda wa kukata rufaa. Ukutani pa masjala pabandikwe siku za kusubiri nakala na malipo yanayotakiwa, kama yapo, ili kila mtu ajue kwamba fedha ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo na kutolewa risiti, wala haiingii mfukoni mwa mtu. Rejista za zamani, kuanzia za enzi za Hanang, ziorodheshwe upya kwa majina na kwa vijiji. Kazi hiyo ya makarani wachache ingeokoa safari nyingi za bure.

Vijiji navyo vina nafasi yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji masjala yake ya ardhi. Nakala ya kila uamuzi unaohusu shamba la kijijini ikiwekwa huko, mnunuzi ataikuta mahali anapopita hata hivyo. Katika wilaya ambayo Bonde la Kiru limeshuhudia migogoro ya mashamba kwa miaka mingi, hatua hiyo si anasa.

Kwa sasa kila mwenye shauri lililokwisha na afanye jambo moja: achukue nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, aitoe vivuli viwili, kimoja abaki nacho mtoto wake na kingine kiende kijijini. Gunia la mbaazi huliwa na wadudu likihifadhiwa vibaya. Haki iliyopatikana kwa gharama nayo huliwa na muda isipohifadhiwa kwa maandishi.