Waulizeni Wafanyakazi Kabla Ndege Haijaondoka

Makamanda, ndege ikija tunaitwa uwanjani. Zulia linatandikwa, gari la zimamoto linaimwagia maji, mawaziri wanapiga picha na TBC wanarusha mubashara. Sawa, tumeona. Mbona ikiondoka hatuitwi?

Na sisemi sisi wananchi tu. Nawasemea fundi anayefungua injini saa nane usiku, mhudumu wa ndani ya ndege, dada wa kaunta na kijana wa mizigo. Hawa ndio wanaokula hasara ya kwanza ndege ikitoka na isirudi, lakini ndio wa mwisho kuulizwa.

Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa au tulikuwa tunatambaa, kwa hiyo turudi nyuma kidogo. Mwaka 2002 serikali ya CCM iliamua kulifungisha ndoa Shirika la Ndege, ATC, na South African Airways. SAA wakachukua asilimia 49 ya kampuni mpya, ATCL, kwa dola milioni 20: nusu thamani ya hisa, nusu ya mtaji na mafunzo. Ahadi zilikuwa tamu. Eti Dar es Salaam itakuwa kona moja ya "Pembetatu ya Dhahabu", Johannesburg kona nyingine, na ya tatu Afrika Magharibi. Eti zinakuja Boeing 737-800 na 767-300. Kampuni ikazinduliwa Machi 2003.

Mwaka wa kwanza tu hasara kabla ya kodi ilikaribia dola milioni 7.3. Ndege zilizokuwa zikibeba jina letu zilikuwa Boeing 737-200 za kukodi, muundo wa miaka ya 1960. Na kuna jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa kuliko ndege zenyewe. Kila tiketi ya ndege duniani inaanza na namba tatu zinazotambulisha shirika lililoitoa. Ya kwetu ni 197. Wakati wa ubia tiketi zetu zilianza na 083, namba ya SAA. Yaani jina letu lilikuwa mkiani mwa ndege, lakini karatasi ilikuwa ya mwenzetu. Mwaka 2006 ndoa ikavunjika. Ukitaka kujua nani alikuwa na nyumba na nani alikuwa mpangaji, angalia nani alianza kutafuta tena namba yake ya tiketi na ndege za kurushia.

Kilichofuata mnakijua au mmekisikia. Mwaka 2007 wakakodi Airbus A320 ya Wallis Trading kwa dola 370,000 kwa mwezi, kwa miaka sita. Ndege ikaruka muda mfupi, ikapelekwa matengenezo Mauritius, haikurudi kutufanyia kazi. Deni likabaki, zaidi ya dola milioni 40. Mwaka 2011 ilifika mahali shirika la ndege la taifa halina hata ndege moja inayoruka! Aprili 2012 Dash 8 ikaanguka Kigoma. Mungu mkubwa, hakuna aliyekufa. Hadi Bombardier mbili zilipotua Septemba 2016, kuna watu walikuwa na vitambulisho vya shirika la ndege na hawana ndege ya kuhudumia.

Sasa mtu ataniambia, dada, ndege zikichakaa zisiondoke? Ziondoke. Hakuna anayelilia bati kuukuu linalokunywa mafuta. Swali la mfanyakazi ni jingine: inaondoka hii, inakuja ipi, kwa jina la nani, na mimi nitakuwa na kazi gani juu yake?

Swali hilo si la woga. Leseni ya rubani inaandikwa aina ya ndege anayoruhusiwa kurusha. Fundi naye vilevile: kama ameidhinishwa kwa 737, hawezi kusaini kwamba Airbus iko salama kuruka hadi asomeshwe upya. Idadi ya wahudumu inafuata idadi ya viti. Ukiondoa ndege tatu za aina moja bila mpango wa kusomesha watu, umeshawafukuza hao watu, hata kama barua hujaandika. Na ukikodi ndege inayokuja na marubani wake, wahudumu wake na mafundi wake, umewafukuza huku abiria wanapiga makofi kwamba shirika linakua.

Waangalieni majirani. Mwaka 2016 Kenya Airways walikuwa wamekodisha Boeing 777-300ER zao tatu kwa Turkish Airlines na 787 mbili kwa Oman Air. Mwaka huohuo wakatangaza kupunguza wafanyakazi 600. Utaratibu ni huo: inaanza ndege, wanafuata watu. Ndiyo maana Machi 2019, serikali ya Kenya ilipotaka Kenya Airways iendeshe uwanja wa JKIA, wafanyakazi wa viwanja vya ndege hawakusubiri barua. Waligoma mapema. Walipigwa mabomu ya machozi, kiongozi wao akakamatwa. Lakini mpango ule ulikwenda bungeni, ukachambuliwa, na haukupita kama ulivyoletwa. Waliuliza kabla, na kelele zao zikasikika.

Kwetu sheria inasemaje? Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe notisi mara tu anapolifikiria jambo hilo, atoe taarifa zote zinazohusika, halafu ajadiliane nao: sababu ni zipi, njia gani za kuepuka, nani ataondoka, lini, na atalipwa nini. Rudieni hapo: mara tu anapolifikiria. Mazoea ya waajiri ni kuanza kuhesabu siku wanapoandaa orodha ya majina. Mimi nasema hapana. Aliyesaini mkataba wa kuondoa ndege bila kuleta nyingine amekwishafikiria kupunguza watu, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayebaki na mafundi wa ndege ambayo haipo. Majadiliano yaanzie hapo, kabla ya saini. Yakianza baadaye yanakuwa kikao cha kuagana chenye chai na maandazi.

Maana baadaye kuna nini? Kifungu cha 42: kiinua mgongo cha chini ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, na miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Fundi wa miaka 25 anaondoka na siku 70. Sabini! Na kwa kuwa ATCL ni shirika la umma, tangu marekebisho ya 2016 kuna kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinachomtaka mtumishi amalize kwanza ngazi za huko kabla ya kukimbilia njia za sheria ya kazi. Ndege inaondoka kwa usiku mmoja, rufaa yako inaondoka kwa mwaka.

Msidhani ni historia tu. Ndege zilizoanza kununuliwa 2016 ziliwekwa kwa Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL ikawa mkodishwaji wa ndege zilizonunuliwa kwa kodi zetu. Mpangaji tena, safari hii ndani ya nyumba ya baba yake. CAG ameripoti hasara ya ATCL ya shilingi bilioni 91.8 kwa mwaka wa fedha 2023/24. Airbus A220 zimekaa chini kwa matatizo ya injini. Shirika lenye hasara na ndege zilizolala ndilo huletewa "mwekezaji mahiri" na pembetatu nyingine. Mimi sipingi ubia. Napinga ubia ambao mfanyakazi anausikia kwenye taarifa ya habari.

Kwa hiyo tunataka mambo yaandikwe kwenye sheria. Mkataba wowote wa ubia au wa kukodi ndege za umma uwekwe mezani bungeni kabla ya kusainiwa, pamoja na orodha ya kila ndege itakayotoka, itakayoingia na mmiliki wake. Chama cha wafanyakazi kipewe orodha hiyo siku ileile. Mafunzo ya kuhamia ndege mpya yalipiwe na mkataba wenyewe, si hisani ya meneja.

Wakati tunasubiri Bunge la kutunga hayo, tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ombi langu linauliza mambo mawili: ATCL inazikodi ndege hizi kwa masharti gani, na mkataba unasema nini juu ya wafanyakazi ndege ikirudishwa. Andikeni na nyie, kila mkoa. Wakikataa, wakatae kwa maandishi.