Chati Isiyoonyesha Mwendo: Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Rais, Utumishi

Kwa Katibu Mkuu,
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Dodoma.

Yah: Ombi la kuambatisha jedwali la uhamisho wa majukumu katika kila muundo mpya wa wizara

Ndugu Katibu Mkuu,

Ibara ya 36 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano humpa Rais madaraka ya kuanzisha na kufuta nafasi katika utumishi wa Serikali, na kila madaraka hayo yanapotumika kuzipanga wizara upya, hufuata baada ya muda chati ya muundo, yaani mchoro wa visanduku na mistari unaoonyesha katibu mkuu, idara na vitengo vilivyo chini yake, na nani anawajibika kwa nani. Michoro hiyo hupita katika Ofisi ya Utumishi kabla ya kuidhinishwa na Rais, na ndiyo sababu barua hii haikuelekezwa kwa wizara moja moja. Chati ya namna hiyo ni waraka wa kweli, wala hakuna anayedai kwamba inaficha jambo kwa makusudi, lakini ina upungufu wa kimaumbile kwa kuwa huonyesha hali ilivyo siku ilipoidhinishwa bila kuonyesha hali hiyo imetokana na nini. Kisanduku kilichohama hufanana na kisanduku kilichokuwapo tangu mwanzo, na kilichofutwa hakiachi hata kovu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa ujenzi na uchukuzi. Wizara ya Miundombinu, iliyoundwa mwaka 2006, iligawanywa mwaka 2010 ikawa Wizara ya Ujenzi na Wizara ya Uchukuzi. Tarehe 10 Desemba 2015 sekta hizo mbili ziliunganishwa tena, safari hii pamoja na mawasiliano, chini ya waziri mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2020 mawasiliano yalitolewa na kupewa wizara yake. Na tarehe 30 Agosti 2023 ujenzi na uchukuzi vikatengana kwa mara nyingine. Mtu anayefuatilia majina ya wizara peke yake ataona hapo Serikali inayofunga na kufungua fundo lile lile kwa miaka kumi na saba, na pengine atahitimisha kwamba kila mara watumishi, fedha na mamlaka vilichanganywa kisha vikachambuliwa upya.

Kitabu cha bajeti kinasimulia habari tofauti. Humo kila taasisi inayopewa fedha na Bunge ina fungu, yaani namba ambayo chini yake matumizi yake huidhinishwa, na kila fungu lina Afisa Masuuli, ambaye katika wizara huwa ni katibu mkuu, anayepaswa kueleza mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali namna fedha za fungu hilo zilivyotumika. Katika wizara iliyounganishwa mwaka 2015, Ujenzi ilibaki na Fungu 98, Uchukuzi na Fungu 62, na Mawasiliano na Fungu 68, kila sekta ikiwa na katibu mkuu wake. Kilichounganishwa, kwa maneno mengine, kilikuwa kiti cha waziri na hotuba moja ya bajeti, ilhali kuta za ndani zilisimama pale pale. Na aliyeyasoma mafungu hayo mwaka 2016 alikuwa na sababu nzuri ya kutoshangaa mwaka 2023. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, ambayo ndani yake mlikuwa na idara kuu mbili, moja ya Afya yenye Fungu 52 na nyingine ya Maendeleo ya Jamii yenye Fungu 53, mpaka Januari 2022 kila moja ilipopata waziri wake.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba namba ya fungu inatosha kuwa ufunguo wa kila mlango. Ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, inayojulikana na wengi kwa ufupisho wa TAMISEMI, ilikuwa chini ya Ofisi ya Rais, ikahamishiwa Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2006, na mwishoni mwa mwaka 2015 ikarudi kwa Rais, na katika safari hiyo ya mwisho ilikuja na Fungu lake 56 kama mhamaji anavyobeba kitambulisho chake. Hapo namba haikubadilika, bali aliyebadilika ni mkubwa ambaye wakuu wa halmashauri humtazama. Fungu huonyesha fedha zinakaa wapi na chati huonyesha amri zinatoka wapi, na msomaji aliyepewa kimoja bila kingine hulazimika kubahatisha nusu ya habari.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika majukumu yanayohama bila wizara yoyote kubadili jina. Mwezi Novemba 2017 Rais aliagiza hospitali za rufaa za mikoa zitoke TAMISEMI na kuwekwa chini ya wizara inayosimamia afya. Majengo, madaktari na wagonjwa walibaki walipokuwa, vibao vya wizara havikuguswa, lakini mnyororo wa uwajibikaji ulikatwa na kuunganishwa mahali pengine. Mwaka 2019, kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, uliundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulio chini ya Wizara ya Maji, nao ukachukua kazi ya maji vijijini iliyokuwa ya idara za maji za halmashauri. Katika chati ya halmashauri baada ya hapo idara ya maji haimo, na kutokuwamo huko hakusemi lolote, kwa sababu mchoro hauna njia ya kueleza kwamba hapa palikuwa na mhandisi aliyewajibika kwa Mkurugenzi Mtendaji na kupitia kwake kwa baraza la madiwani, na kwamba mrithi wake, meneja wa wilaya wa RUWASA, anawajibika kwa wakala wake. Diwani naye anaendelea kuulizwa na wapiga kura habari za pampu iliyokufa, kana kwamba bado ana wa kumwajibisha.

Yapo mabadiliko madogo zaidi ambayo mtumishi wa ndani huyasoma kwa jicho moja na mwananchi hupita bila kuyaona. Katika miundo ya wizara za Tanzania, idara huongozwa na mkurugenzi na hugawanywa katika sehemu zinazoongozwa na wakurugenzi wasaidizi, ilhali vitengo, kama vile cha ukaguzi wa ndani, cha ununuzi au cha mawasiliano serikalini, kwa kawaida huunganishwa moja kwa moja na katibu mkuu. Iliyokuwa idara ikishushwa kuwa sehemu, jina lake linaweza kubaki vile vile, lakini kiongozi wake ameondolewa ngazi moja kutoka kwa katibu mkuu na hoja zake sasa hupita kwanza mezani kwa mkurugenzi mwenye vipaumbele vyake. Penseli ya mchoraji imeshusha kisanduku sentimita mbili tu, na sera nzima inaweza kuwa imeshuka nacho.

Tatizo la muda nalo halipaswi kupuuzwa. Baraza la Mawaziri lililotangazwa tarehe 10 Desemba 2015 lilipata hati yake ya mgawanyo wa majukumu ya mawaziri, ambayo ndiyo tamko la kisheria la nani anashughulikia nini, kwa Tangazo la Serikali Na. 144 la tarehe 22 Aprili 2016, yaani baada ya zaidi ya miezi minne. Katika muda kama huo barua za wananchi huandikwa kwa wizara zenye majina mapya na majukumu ambayo bado hayajachapishwa. Tena nyaraka za miundo zenyewe zimekuwa zikitolewa kwa Kiingereza, desturi ambayo ni vigumu kuitetea tangu mwaka 2021, Bunge lilipoifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Inashangaza kidogo kwamba sheria inayounda wakala isomeke kwa Kiswahili na mchoro wa wakala huo uhitaji mkalimani.

Kinachoombwa si kikubwa, wala hakihitaji sheria mpya. Kila muundo unapoidhinishwa, Ofisi ya Utumishi inaombwa kuuambatisha na jedwali la ukurasa mmoja au miwili, kwa Kiswahili, ambalo kila mstari wake utataja jukumu moja, idara au kitengo lilikotoka, lilikokwenda, namba ya fungu la zamani na la sasa, na cheo cha anayelisimamia kabla na baada ya mabadiliko. Jukumu lililofutwa liandikwe kuwa limefutwa, na lililohamia kwa wakala litajwe pamoja na wakala wenyewe, hata kama wakala huo hauonekani popote katika chati ya wizara. Chati za zamani zibaki zikipatikana pamoja na tarehe zake za kuidhinishwa badala ya kuondolewa mpya inapotoka, kwa kuwa bila mbili kuwekwa ubavu kwa ubavu hakuna linaloweza kulinganishwa. Taarifa hizi zote tayari zimo Serikalini, maana hakuna mtumishi anayehamishwa bila barua wala fungu linalobadilishwa bila Hazina kujua. Zimetawanyika tu katika majalada ambayo hayajawahi kukaa mezani pamoja.

Nakala kwa: Katibu Mkuu Hazina na Mlipaji Mkuu wa Serikali, kwa kuwa namba za mafungu zinatunzwa kwake.