Saidi shafti ya Datsun haipimwi kwa urefu peke yake

Safu ya GURUDUMU, na Okello Mwachiro

Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda mbio za Safari kwa Datsun 240Z, baada ya kufungana alama na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun ya aina nyingine. Miaka miwili kabla ya hapo Edgar Herrmann alikuwa amelitwaa taji kwa 240Z, Mehta akaja wa pili. Ndiyo maana gari hilo likipita Jogoo Road leo, wazee wa Jericho na Makadara huacha mazungumzo wakaligeukia.

Wakati mwingine huligeukia kwa sababu ya kelele. Dereva akiachia klachi, nyuma panalia “ko!”, na fundi wa kando ya barabara hahitaji hata kuinama: krosi ya saidi shafti imekwisha. Hapo kwa kawaida hakosei. Mambo huharibika pesa zinapotoka, mwenye gari anapoambiwa kuna shafti kwenye maduka ya vipuri ya Grogan “inayolingana kabisa”, na kulingana kwenyewe kumepimwa kwa futi ya kamba.

Fundi cherehani wa Soko la Jericho hakushonei suruali kwa urefu wa mguu tu, bila kiuno wala paja. Shafti hii nayo ina vipimo vyake. Kwenye 240Z difu imefungwa kwenye bodi, na kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka kivyake. Gurudumu likicheza, umbali kati yake na difu hubadilika. Kwa hiyo shafti ina krosi mbili, moja kila upande, na katikati pana sehemu inayoteleza juu ya gololi ili irefuke na kufupika. Ikiwa ndefu mno, gari likizama shimoni itagonga mwisho wake na kuisukuma beringi ya difu. Ikiwa fupi mno, gari likiruka tuta inaweza kuchomoka. Kipimo cha haki huchukuliwa mara tatu: gurudumu likining’inia, likiwa chini kama kawaida, na likiwa limebanwa juu kabisa, springi ikiwa imetolewa.

Kisha kuna pembe. Magari ya mwanzo yalikuwa na difu iliyokaa mbele kidogo ya mstari wa magurudumu, shafti zikaelekea nyuma kwa mshazari, na krosi zikaumia. Mwaka 1971 kiwanda kikairudisha difu nyuma kwa takriban milimita 35. Mwenye gari wa Nairobi huongeza pembe nyingine kwa hiari yake: analiinua gari kwa ajili ya barabara mbovu, au kwa sababu anaota East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003. Krosi inayodumu miaka kwenye lami ya California haitadumu hivyo kwenye gari lililoinuliwa hapa.

Dawa inayopendwa duniani ni kuweka shafti zenye sivijointi, ambazo huzunguka kwa mwendo sawa hata zikiwa na pembe. Wengi huchukua za Datsun 280ZX Turbo. Wengine huhamisha difu nzima ya Subaru Impreza STI, kwa kuwa ni ya ukoo ule ule wa R180 kama difu ya 240Z. Wazo la Subaru linavutia mno Eastlands, ambako kijana asiyeijua STI ni wa kutafutwa kwa tochi. Ila haifungiki hivi hivi. Lazima zikerezwe adapta au ekseli fupi za kuunganisha pande mbili zisizojuana, na uwiano wa meno ya difu ukaguliwe kabla ya kulipa.

Kuna njia ya mkato ambayo safu hii haiikubali: kukata shafti mbili na kuzichomelea ziwe moja. Watetezi wake husema saidi shafti huzunguka polepole kuliko propela, ile shafti inayotoka giaboksi hadi difu, hivyo haihitaji kubalansiwa sana. Ni kweli. Lakini difu yenye uwiano wa 3.9 hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kusokota kwa kiasi hicho hicho. Nguvu hiyo ikigawanywa pande mbili, kila saidi shafti hubeba karibu mara mbili ya inayobebwa na propela. Mshono wa kuchomelea hapo ni kamari.

Kwa gari la kwenda kazini na harusini, jibu ni dogo na halina sifa: shafti zake zenyewe, krosi mpya. Zitiwe alama kabla ya kufunguliwa, maana krosi mbili zisipopangwa mkao mmoja mtetemo hautakwisha, na gololi za katikati zikidondoka mchangani zimepotea. Krosi isukumwe kwa vaisi, si nyundo, vinginevyo masikio yake hupinda. Vipete vya kubana huja kwa unene tofauti, navyo vichaguliwe mpaka krosi ikae katikati.

Mwenye kutaka mbio, na awe na sivijointi. Lakini sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo 240Z zilizopo haziongezeki kirahisi, na mwenye gari ana haki ya kumuuliza mkerezaji maswali. Adapta ni ya chuma imara cha EN24 au ni chuma cha kuokota? Imepikwa ikawa ngumu au imetoka tu kwenye mashine? Akikubali kuandika majibu kwenye risiti, alipwe anachodai. Akikataa, krosi nne mpya na kopo la grisi zitatosha kwa mwaka huu.